Kinyozi Aliyemficha Mkewe Mgongo

Saa tatu asubuhi, jua limeshafika kwenye kiti cha pili cha saluni, na kinyozi mwenye shati la mikono mirefu anafunga kifungo cha mwisho, kile cha kwenye kifundo cha mkono. Anakivuta kuona kama kimekaza. Feni ya ukutani inazunguka na kusukuma joto lilelile kutoka pembe moja kwenda nyingine. Kinyozi mwenzake kavaa fulana na bado anavuja jasho.

Mzee wetu wa mikono mirefu hana habari na joto. Anakung'uta shuka la kunyolea, anamfunga mteja wake wa kwanza shingoni, kisha anauliza swali lake la kila siku: "Tunapunguza au tunaondoa?"

"Punguza, ila usinimalize," anajibu mteja, mwalimu mstaafu ambaye nywele zilimkimbia zamani juu, zikabaki nyeupe pembeni.

Mashine ya kunyolea inaanza kuunguruma. Mkono unapanda taratibu kutoka shingoni hadi nyuma ya sikio, kisha unasimama hewani. Mabega ya kinyozi yanapanda, macho yanafumba, meno yanakazana. Mwalimu anamwangalia kwenye kioo bila kugeuka.

"Ndio huo tena?"

"Ndio wenyewe. Umepita."

Mashine inarudi kichwani, kazi inaendelea. Uliopita ni muwasho, na mwaka jana kinyozi huyu asingethubutu kuutaja mbele ya mteja hata kwa kushikiwa wembe. Angesema amebanwa na chafya.

Ana miaka hamsini na mitatu, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimaliza amesimama nyuma ya kiti cha kunyolea. Figo zake zilishindwa kazi miaka miwili iliyopita baada ya shinikizo la damu lililomtafuna kimyakimya. Tangu hapo, mara mbili kwa wiki hupeleka mkono wake wa kushoto kwenye mashine nyingine, ile inayomsafisha damu.

Alikubali kuzungumza na gazeti hili kwa sharti moja: jina lake lisiandikwe popote. Mtu angedhani anaficha ugonjwa.

"Ugonjwa mtaa mzima unaujua," anasema akipuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Ninachokionea aibu ni nilichofanya nyumbani. Kidogo tu nimpoteze mke wangu kwa sababu ya mgongo."

Kinyozi mwenzake, kijana wa makamo anayeitwa Chapuchapu kwa sababu hunyoa vichwa viwili wakati mwenzake akinyoa kimoja, ndiye aliyempa jina la Meneja. "Angalia hilo shati," anasema. "Joto lote hili, mtu kafunga vifungo mpaka mkononi kama anakwenda kusaini hundi. Sisi tukadhani mzee kapata cheo."

Meneja anacheka na wengine. Ila anapocheka, mkono wake mmoja unashika mkono wa shati usipande juu.

Muwasho ulimwanza miezi michache baada ya kuingia kwenye mashine ya damu. Ulianzia katikati ya mgongo, ukashuka kiunoni, ukahamia mikononi na miguuni. Alidhani ni kunguni, akatoa godoro juani. Akadhani ni sabuni, akabadilisha sabuni. Muwasho haukubadilika.

"Usifikirie kuwasha kwa mbu," anasema. "Mbu ukijikuna mnamalizana. Huu unaukuna hapa juu, wenyewe unakaa ghorofa ya chini. Unakuna mpaka unatoka damu, na bado hujaufikia."

Kwa mtu wa kazi nyingine huenda hilo lingekuwa taabu tu. Kwa kinyozi ni msiba. Watu wanamkabidhi vichwa vyao, masikio yao na shingo za watoto wao, na wakiingia tu macho yanakwenda kwenye taulo, kisha kwenye mikono yake. Kinyozi akionekana anajikuna, habari imekwisha, kwa kila mtu ni upele.

Siku moja alidhani yuko salama nyuma ya kiti, akachomeka mkia wa chanuo kwenye ukosi wa shati na kujikuna kwa raha zake. Alipofumbua macho, mteja aliyekuwa kitini alikuwa anamtazama kwenye kioo. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upande mmoja.

"Nimekumbuka kitu nyumbani," alisema mteja, akajifungua shuka mwenyewe, akavuta kofia na kutoka. Akaenda zake na nusu ya nywele.

"Fikiria," anasema Meneja. "Mtu anaona afadhali atembee barabarani na nusu kichwa kuliko nimmalizie mimi. Mimi niliyemnyoa siku ya harusi yake."

Habari za namna hiyo hazihitaji redio. Kutoka vichwa kumi na zaidi kwa siku, akawa anakaa na vitatu, vinne. Wateja waliingia, wakamsalimia kwa heshima zote, kisha wakajipanga kwenye foleni ya Chapuchapu huku kiti cha Meneja kiko wazi. Yeye alijitia hamnazo, akawa anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo pengine ni kinyozi tu angelifanya.

Katika kazi yake, kila kinacholeta upele, mba au fangasi kina dawa moja: spiriti. Wembe unafutwa kwa spiriti, mkasi unafutwa kwa spiriti, meno ya mashine yanachovywa. Meneja akaingia na chupa kwenye kichumba cha nyuma cha kuwekea mifagio, akavua shati, akajipangusa mikono, tumbo, mapaja na kila mahali alipofika.

"Niliungua, machozi yakanitoka. Halafu pakawa baridi, pakatulia kama dakika tano hivi. Nikasema, kumbe dawa ninayo siku zote," anasimulia. "Nikawa najifuta kila siku, kama chombo cha kazi."

Ngozi, ambayo tayari ilikuwa kavu kwa sababu ya ugonjwa, ikazidi kukauka, ikachanika kama udongo wa kiangazi. Muwasho ukaondoka kidogo, ukarudi na ndugu zake wote. Vidoa vya damu vikaanza kuonekana upande wa ndani wa shati. Hapo ndipo mikono mirefu ilipoingia, na hapo ndipo mambo yalipohamia nyumbani.

Nyumba yao ina vyumba viwili na sebule. Watoto wameshakuwa watu wazima na wana maisha yao, wamebaki wazee wawili. Sebuleni kuna kochi refu, na bafu liko mwisho wa ukumbi mwembamba, lina mlango wa komeo. Ni mkewe, mwanamke mnene wa maneno mafupi anayesimamia stoo ya shule, aliyemwelezea mwandishi mambo yalivyoonekana kutoka upande wake.

"Mwanamume ambaye miaka yote namsukuma akaoge, ghafla anaoga kabla hajanisalimia," anasema, mikono kaifunga kifuani. "Anajifungia komeo. Akitoka ananukia, kajipaka poda na marashi ya saluni. Mashati yake anafua mwenyewe, eti hataki kunichosha. Halafu analala kwenye kochi, eti chumbani kuna joto. Sasa hapo ningefikiria nini? Kwamba anajiandaa na mtihani?"

Alichofikiria ndicho ambacho mtu yeyote angefikiria. Marashi yalikuwa ya kufunika harufu ya spiriti. Mashati yalifuliwa ili damu isionekane. Kochi lilikuwa la kujikuna bila mtu kusikia. Lakini ukizipanga dalili hizo bila kutaja figo, jibu ni moja tu: mzee kafungua nyumba ndogo.

Mkewe alivumilia wiki kadhaa. Jioni moja, akiwa anakunja nguo, akaweka chini shuka alilokuwa ameshika na kumkabili.

"Baba, mimi na wewe si watoto. Niambie ukweli. Kuna mtu?"

Meneja anaikumbuka vizuri nafasi ile fupi kabla ya kujibu. Alijua akisema hapana, mke atasema basi vua hilo shati, njoo ulale kitandani kwako. Na shati likivuliwa, kila kitu kitaonekana: makovu, vidonda, magamba, mgongo mwekundu. Akakodolea macho televisheni.

"Wewe fikiria unavyotaka," akajibu.

Anaposimulia maneno hayo, sauti inamshuka, na anaangalia mlango wa saluni kama anaogopa kuna mtu anaingia.

"Nilipima," anasema. "Sikuteleza ulimi, nilipima kabisa. Nikaona bora anione mhuni kuliko anione nina upele. Mhuni bado ni mwanamume. Mwenye upele ni nani? Nilimwacha mke wangu ale huo uchungu ili mimi nibaki na shati langu."

Mkewe hakulia wala hakupiga kelele. Alimaliza kukunja nguo. Kuanzia wiki iliyofuata, hakumsindikiza tena hospitali. Awali alikuwa akienda naye kila mara, kabeba blanketi, kwa sababu damu ikizunguka nje ya mwili mtu husikia baridi. Sasa blanketi likabaki limekunjwa kwenye mkono wa kochi, na Meneja akawa anatetemeka peke yake.

Chumba cha kusafishia damu ni kirefu na kimejaa mwanga. Viti vimepangwa mistari miwili inayoelekeana, kila kimoja na mashine yake pembeni, na wagonjwa wanatazamana miguu. Kila asubuhi muuguzi hupita akiuliza, kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi: "Kuna shida yoyote leo?"

"Salama tu, sista," Meneja alikuwa akijibu. Ungemtegemea ajibu nini, na jirani zake wote wametega masikio?

Lakini kukaa kwa muda wa saa nne na sindano mbili mkononi, huruhusiwi kujigeuza, na mgongo unawaka, ni mateso. Akaanza kuomba afunguliwe mapema. Leo wateja wanamsubiri, kesho ana mgeni, keshokutwa gari litamwacha. Hakujua kwamba kila muda alioukata, alibaki na uchafu ule ule uliokuwa ukimuwasha. Alikuwa analikimbia tatizo huku amelibeba.

Kilichomuumbua ni shuka la hospitali. Muuguzi alipokuwa anatandua kiti chake, aliona mistari ya damu mahali ambapo mgongo ulikuwa umeegemea. Zamu iliyofuata hakuuliza swali lake la kawaida. Alivuta pazia kuzunguka kiti na kusimama mbele yake.

"Baba, vua shati."

"Sista, mimi ni mtu mzima."

"Na mimi ni mtu mzima. Vua."

Alivua. Muuguzi akautazama mgongo kuanzia juu hadi chini. Meneja hakuvumilia kutazamwa vile. "Naapa, sista, mimi naoga," alisema, na ndipo machozi yakamtoka, mzee mzima, nyuma ya pazia. "Naoga kila siku. Sijui huu upele nimeutoa wapi."

"Nani kakwambia ni upele?" muuguzi alimuuliza. "Hii ni figo, baba. Kwenye mstari huu hauko peke yako, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake."

Muuguzi huyo, mwanamke mwembamba mwenye miwani inayoning'inia kifuani, anasema amechoka kuwavua watu mashati kwa nguvu. "Watu wanaripoti kuvimba miguu, wanaripoti kukosa pumzi. Muwasho hawasemi, wanaona ni uchafu wao," anaeleza. "Figo zikishindwa, taka na madini vinabaki kwenye damu, ngozi inakauka, na mishipa ya fahamu nayo inavurugika. Muwasho huu hauambukizi. Mke hawezi kuupata, mteja hawezi kuupata."

Alimkalisha na kuuliza kila kitu, na kila jibu lilimzidishia Meneja aibu. Unatumia nini? Spiriti. Unaoga maji gani? Ya moto, na sabuni ya kufulia. Na vile vidonge vya kuzuia madini ya chakula yasiingie kwenye damu, unavimeza saa ngapi?

Vidonge vile vinatakiwa kumezwa pamoja na chakula, la sivyo havina kazi. Lakini mchana alikuwa anakula na Chapuchapu kwenye benchi la saluni, wateja wakipita, na hakutaka kuonekana anatoa vidonge. Alikuwa anavikusanya vyote na kuvimeza nyumbani kabla ya kulala, tumbo tupu.

"Alinitazama kama mtoto aliyekula karatasi," anasema.

Maagizo yakawa mepesi kuliko alivyotegemea. Spiriti ibaki ya mikasi. Maji yawe ya uvuguvugu, kuoga kuwe kwa haraka, sabuni iwe laini isiyo na manukato. Akae kwenye mashine mpaka muda wake umalizike. Vidonge vimezwe na tonge mdomoni. Vidonge vya mzio alivyokuwa akijinunulia dukani aachane navyo, maana vilimlaza yeye, muwasho ukabaki macho. Daktari akamwongezea dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu, kipimo kidogo, ya kumeza baada ya kusafishwa damu, na kumwonya kuwa inaweza kumletea kizunguzungu.

Na mwisho, kopo la mafuta mazito yasiyo na harufu, ya kupaka asubuhi na jioni ngozi ikiwa bado na unyevu.

"Mgongoni atakupaka nani?" muuguzi aliuliza.

"Mke wangu," Meneja akajibu upesi, na kwa siku ile ilikuwa imetosha.

Mke wakati huo alikuwa anamsalimia kwa kichwa tu. Kumwendea na kopo mkononi kulimaanisha kueleza yote. Meneja akaona heri atumie akili ya kazi. Alichukua brashi ya kupangusia nywele shingoni kwa wateja, laini, nzuri, akaifunga kwenye kijiti kwa mpira, akawa anaichovya kwenye mafuta na kujipaka nyuma akitazama kioo cha bafuni. Alijiona mjanja.

Alisahau kitu ambacho kinyozi hapaswi kusahau. Brashi ile ilikuwa imejaa vipande vya nywele za watu, vikali kama sindano, na yeye akawa anavipaka kwenye vidonda pamoja na dawa.

Muuguzi alipomkagua tena, alikuta mikono imeanza kulainika, mbavu pia, lakini katikati ya mgongo pamechafuka zaidi ya mwanzo. Akavaa miwani. Akainama karibu.

"Baba, mkeo anakupaka na nini? Mbona mgongo una nywele nyeupe, na wewe nywele zako nyeusi?"

Zilikuwa za Mwalimu.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti chake," anasema Meneja. Alijikuta anakiri kwamba yeye na mkewe hawaongei. Muuguzi hakumgombeza. Alimfuta mgongo polepole kwa kitambaa kibichi, akampaka mwenyewe, kisha akasema: "Dawa ninayo. Mkono wa kwenda nao nyumbani sina."

Ingependeza kuandika kwamba Meneja alipiga moyo konde, akaenda nyumbani na kumweleza mkewe. Hakufanya hivyo. Aliosha brashi kwa maji na sabuni, akarudi nayo bafuni.

Mkewe ndiye aliyemfikia. Alirudi mapema mchana mmoja, akasikia mtu bafuni wakati wa kazi, na harufu ya poda ukumbi mzima.

"Nikajua leo nimemfumania," anasimulia, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Maneno yangu nilikuwa nayo tayari, nimeyakusanya miezi. Komeo hakulifikisha mwisho, nikasukuma mlango kwa bega. Nikamkuta yuko kifua wazi na brashi kwenye kijiti, anajipaka kama mtu anayepaka rangi ukuta wa jirani. Halafu akageuka, nikaona mgongo."

"Maneno yote yaliniishia."

Alimnyang'anya ile brashi, akaitupa kwenye ndoo. Akanawa mikono. Akamkalisha kwenye kigoda, akachota mafuta kwa vidole na kuanza juu mabegani, akishuka polepole. Hakuuliza kitu hadi alipofika kiunoni. Ndipo alipoanza kulia na kumwomba radhi. Alisema amemfikiria vibaya mtu mgonjwa, amemwacha aende hospitali peke yake, amemnyima hata blanketi.

"Na yeye akanisamehe," anasema mama, akimwangalia mumewe aliyeketi pembeni. "Hakunisimanga hata kidogo. Nilimuuliza habari za wanawake mtu mwenye maumivu ya namna ile, ndiyo maana alinijibu kwa hasira. Ana haki. Mimi ndiye niliyemkosea. Kila nikimpaka namwambia, baba, nisamehe."

Meneja anaokota uzi usioonekana kwenye goti la suruali yake. Hainui macho.

Hali sasa ni nafuu. Mgongo umefunga vidonda, ngozi ya mikono imerudi kuwa ngozi. Muwasho bado unamtembelea, kama ule wa asubuhi, lakini hausumbui kama zamani, na muuguzi amemwambia wazi kwamba kwa wengine huisha kabisa na kwa wengine hupungua tu. Anakaa kwenye mashine hadi mwisho. Blanketi limerudi kazini.

Saluni nako alianza na Mwalimu, kwa kuwa alikuwa na deni la nywele zake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Miezi yote hiyo nilijua una jambo. Nilidhani wewe ndiye hutaki niulize." Wiki hiyo hiyo alikuja na majirani zake wawili, akawaambia kwa sauti wakae kwenye kiti cha Meneja. Siku nzuri sasa anafikisha vichwa vinane. Mchana Chapuchapu humwekea vidonge kando ya sahani na kutangaza: "Meneja, kitoweo chako hiki hapa."

Ungedhani habari inaishia hapo. Lakini alipomsindikiza mwandishi kutoka nyumbani kwake, Meneja alisimama kando ya ukuta wa jirani, mahali ambapo mkewe asingesikia.

"Umemsikia?" aliuliza. "Ananiomba msamaha mpaka leo. Anadhani nilimjibu vile kwa hasira ya maumivu. Si hasira! Nilimwachia hiyo shaka makusudi. Halafu akalia, akaniomba radhi, na mimi, mtu mzima, nikamwambia nimekusamehe." Alijipiga kifuani mara moja kwa ngumi, si kwa nguvu. "Nikamsamehe! Mimi! Muwasho una dawa, ndugu yangu. Hili kila akinipaka linazidi."

Kwa nini basi hamwambii? Ameshajaribu, anasema. Mara mbili alifungua mdomo, akaishia kuuliza kama mafuta yanakaribia kwisha. Aliwahi kufikiria kulisema wakati anapakwa, akiwa ametazama ukuta, asimwone mama usoni.

"Ingekuwa rahisi. Lakini hapana," alisema baada ya kufikiri. "Nimeshajificha vya kutosha. Hilo lazima nigeuke."

Alitaka yote yaandikwe, hata hilo. Gazeti lilikubaliana naye kwamba haliwezi kumtangulia kwa mkewe, hivyo habari hii ikawekwa kando hadi atakapotoa ruhusa.

Alipiga simu siku chache baadaye. Nyuma yake mashine ya Chapuchapu ilikuwa inaunguruma.

"Chapisheni," alisema.

Umemwambia?

"Nimemwambia. Niligeuka."

Mama alisemaje?

"Aliniacha nimalize yote," alisema. "Halafu akasema, 'Na mimi nimekuomba radhi jioni zote hizo, na wewe unaitikia.' Basi. Akafunika kopo, akanawa mikono, akaingia chumbani. Mgongo alikuwa hajaumaliza."

Na sasa?

"Panawasha. Acha pawashe," alisema. "Jana hakuja kunipaka, na mimi sikumwita, sina uso huo. Leo nikitoka kazini nitaoga, nitavua shati, nitakaa kwenye kigoda nimsubiri. Asipokuja leo, nitakaa na kesho."